Rede ya porini: namna ya kuzoeza kikosi cha watu wanne, hapa Tabora

Vijana wengi wa Tabora wameiona easofti kwenye simu tu. Ni mchezo uliozaliwa Japani miaka ya 1970. Watu wanagawana pande mbili, wanakimbizana porini au kwenye magofu na bunduki za kuchezea zinazotema gololi za plastiki za milimita 6, na aliyeguswa anainua mkono, anasema "nimepigwa", anatoka mwenyewe. Kila kiangazi wananijia na swali lile lile: hizo bunduki tunazipata wapi?

Nami nawaambia waanze na kikosi kwanza. Nimezoeza vijana wa mtaani kwetu kwa misimu mitatu sasa, na nimeona kwa macho yangu watoto wanne wembamba, wasio na mbio wala shabaha ya kutisha, wakiwaondoa wanaume wanne wenye nguvu zao kwa sababu moja tu: wale wadogo walikuwa wanaongea na wanahama kwa zamu, wale wakubwa kila mtu alikuwa anapigana vita yake. Hilo halinunuliwi dukani, ni la kufanyia mazoezi.

Kwa hiyo tunatumia mpira wa soksi, uleule wa rede, na sheria za easofti. Bunduki ya plastiki, hata ile ya bei rahisi ya sikukuu, naomba iachwe nyumbani. Ukiwa hatua hamsini kutoka kwa mtu aliyejikunyata kichakani na kitu cheusi chenye mtutu, huwezi kujua ni cha kuchezea. Polisi hawezi, mgambo hawezi, na mapori ya mkoa huu yana askari wa wanyamapori wanaopambana na majangili wenye silaha za kweli. Nguo za mabaka nazo ni hivyo hivyo. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na JWTZ limeshaonya mara nyingi. Fulana ya kahawia na suruali ya kazi vinatosha. Kwenye nyasi za Julai hata kaki ya shule iliyochakaa inakuficha vizuri.

Kabla ya kuita watu

Tafuta shamba lililokwisha vunwa, la mahindi au tumbaku, lililopakana na kipande cha miti. Hatua mia moja na hamsini kwa mia moja zinatosha watu wanane. Usiingie msitu wa hifadhi bila ruhusa ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kaa mbali na reli, kambi za jeshi, uwanja wa ndege na shule. Nenda kwa mwenye shamba, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, umweleze siku, saa na idadi yenu. Ukifika kwa mzee, usianze na maneno ya vikosi na mashambulizi. Mimi nilienda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Babu, nina vijana wanane. Tunaomba shamba lako Jumamosi asubuhi, tucheze rede ya wakubwa. Hatuwashi moto, hatukati mti."

Alicheka, akainuka, akatutembeza shamba zima kwa fimbo yake. Hapo ndipo nilipojifunza kukagua uwanja huku nimetazama juu. Kwenye mti mmoja wa aina ya mtundu kulikuwa na mzinga wa gogo, umening'inia kwa kamba ya gome, kimya kabisa, nami nilikuwa nimepita chini yake mara mbili. Akaniambia, "Huo mzinga una wenyewe. Msiurushie kitu, na msipige filimbi chini yake."

Tabora ni nchi ya asali, kwa hiyo kagua miti yote. Kila mzinga uuwekee mduara wa hatua hamsini ambao mchezo hauingii. Nyuki wakichokozwa, mchezo umekufa hapo hapo: funika uso, kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, usiingie majini, endelea mpaka uingie nyumba au gari lenye milango. Miba ya nyuki ikwangue haraka kwa ukucha. Mwenye kuvimba uso au kubanwa pumzi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, msingoje mchezo uishe.

Chini nako kuna mambo. Nyoka kifutu hulala kwenye majani makavu wala hakimbii mtu akija, hivyo marufuku kutambaa au kuingiza mkono kichakani kabla hujapigapiga hapo kwa kijiti. Mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali yawekewe alama ya kitambaa. Halafu upupu. Maganda yake hukauka kiangazi, vinyweleo vinapeperuka, na kikosi kizima kinaweza kuisha kwa kujikuna bila kurushiwa mpira hata mmoja. Ukiuona kwenye ukingo wa shamba la zamani, hamisha mpaka wa uwanja.

Cheza saa moja mpaka saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Lita mbili za maji kwa kila mtu, na usikubali mtu aje bila maji yake.

Mipira, macho na ukweli

Mpira unatengenezwa kwa soksi kuukuu iliyojazwa matambara, ukubwa wa chungwa, ikazungushwa uzi wa mpira kwa nje. Ndani kusiwe na mchanga wala jiwe. Nimeshakuta kijana ametia kokoto "ili uende mbali", na siku ile nilimrudisha nyumbani bila mjadala. Kila mchezaji ana mipira mitatu, kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa kiunoni. Mipira mitatu ni michache makusudi, maana mwenye mpira mchache hufikiri kabla ya kurusha.

Rusha kuanzia mabega kwenda chini. Hata hivyo, kila mtu avae miwani ya kujikinga, ile ya wazi ya mafundi seremala. Jicho haliharibiwi na mpira wa soksi peke yake. Kuna vijiti na matawi, na kuna kidole cha mwenzako.

Aliyeguswa anasema "Nimepigwa!" kwa sauti, anaweka mikono kichwani, anatoka. Hatuna refa wa kuthibitisha. Easofti yote duniani imesimama juu ya neno hilo moja, kwa sababu gololi haiachi alama kwenye nguo. Usipozoeza ukweli sasa, huna mchezo. Nami nawaambia vijana wazi: ukiwa na shaka kama umeguswa, umeguswa.

Neno la pili ni "Mpita njia!" Mama mwenye kuni, mtoto na mbuzi, mtu wa baiskeli: wa kwanza kumwona anapiga kelele hiyo, wote wanasimama wima, mikono mitupu, wanamsalimia, anapita. Fanya zoezi la neno hili siku ya kwanza kabisa, kabla ya kurusha mpira wowote.

Hatua ya kwanza: jozi mbili

Watu wanne ni jozi mbili. Jozi haiachani. Mwenzako akienda haja, unasimama karibu umempa mgongo. Mmoja kati ya wanne ni kiongozi, na kazi yake ni kuamua, hata kama si hodari wa kurusha. Badilisheni kiongozi kila mchezo. Kijana mpole niliyemlazimisha kuongoza siku ya tatu ndiye leo anayesikilizwa kuliko wote, maana haongei neno la ziada.

Mwanzoni usiwapange kwa urafiki. Marafiki hupiga soga.

Hatua ya pili: kuongea

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ukiwa na Jumamosi nne, mbili zitumie hapa.

Video za wenzetu wa ng'ambo zinaelekeza kwa uso wa saa: mbele yako ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Tulijaribu. Kijana mmoja akaona adui, akapiga kelele "Saa tatu!" Wawili wakageukia kulia kama kwenye video. Wa nne akageukia kushoto, kwa sababu kwetu saa tatu ya asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa. Naye alikuwa sahihi kabisa kwa Kiswahili chake. Mpira ukampata mgongoni aliyepiga kelele. Tulikaa chini tukaichora saa kwenye vumbi kwa kijiti, tukaona kwamba kwa lugha yetu mbele ni saa sita na kulia ni saa tisa, na kwamba katika joto la mchezo hakuna atakayekumbuka tumekubaliana ipi. Tukaifuta. Nakushauri uifute na wewe.

Badala yake tunataja upande, kitu, hatua. "Kulia! Kichuguu! Ishirini!" Maneno matatu, kwa mpangilio huo daima. Upande kwanza, kwa sababu kichwa kinageuka kabla akili haijaelewa. Kitu kiwe ambacho kila mtu anakiona na hakina pacha: kichuguu, kisiki kilichoungua, mwembe, tuta la mwisho. "Mti" porini si kitu. "Mti wenye mzinga" ni kitu. Kabla ya mchezo kuanza, kikosi kinasimama dakika mbili na kuvipa majina vitu vyote vikubwa vinavyoonekana. Vijana wangu wana kichuguu wanachokiita Bibi, kwa sababu kimeinama, na hakuna aliyewahi kukikosa.

Anayesikia anarudia. "Kulia, kichuguu, ishirini!" Usiporudia, mwenzako hajui kama umesikia, naye ataendelea kupiga kelele mpaka aonekane.

Zoezi lake linaitwa mgongo. Jozi inasimama mgongo kwa mgongo. Msimamizi anafunga kitambaa mahali ambapo mmoja tu anapaona. Yule anaelekeza, mwenzake anageuka na kunyoosha mkono. Hesabu sekunde. Siku ya kwanza huchukua kumi, kumi na tano, na maneno mengi ya "pale, pale, si pale, hapo nyuma ya hicho". Wakifika chini ya sekunde tano mara nane kati ya kumi, songa mbele.

Maneno mengine ni machache tu. "Nahama!" nataka kuondoka nilipo. "Hama, nakulinda!" jibu la mwenzako. "Nimefika!" nimejificha, niko tayari. "Nimeishiwa!" sina mpira. "Acha!" hakuna kurusha. Msiongeze mengine. Kila neno jipya linapunguza uzito wa haya.

Mkiwa karibu sana na adui mtatumia mikono: ngumi juu ni "simama"; kiganja kikishuka ni "chuchumaa"; kidole kuelekea jicho kisha upande ni "nimeona huko". Tatu hizo zinatosha, ila ishara ya mkono haina maana kama hakuna anayekutazama. Kila hatua kumi mtupie jicho kiongozi.

Hatua ya tatu: kutembea

Nafasi kati ya mtu na mtu iwe ambayo mpira mmoja hauwezi kuwatisha wawili: hatua tano kwenye uwazi, tatu kwenye vichaka. Vijana hujikusanya kama kuku kwenye mvua bila kujua. Msimamizi aite "Nafasi!" na wote wajirekebishe.

Umbo ni la kishada, kile cha karatasi cha kurushwa hewani: mmoja mbele, wawili pembeni, mmoja nyuma. Kila mtu ana kipande chake cha pori cha kutazama, na hatazami cha mwenzake hata akisikia kelele huko. Wa nyuma ndiye mwenye kazi ngumu, kwa sababu hakuna kinachotokea nyuma mpaka siku kinapotokea. Njia ikiwa nyembamba, kishada kinajifunga kuwa msururu, kikitoka kinajifungua tena, bila amri.

Zoezi: ficha vitu kumi kandokando ya njia ya hatua mia: kopo, ndala, kipande cha kanga, ndoo iliyopasuka. Vingine viwe chini, viwili viwe juu ya macho. Kikosi kinapita kimya mara moja, kisha kila mmoja anasema alichoona. Mara ya kwanza huona vinne. Utashangaa ni wangapi hawatazami juu, na hapa kwetu hilo si la mchezo tu, nimekwisha sema habari ya mizinga.

Majani makavu ya miyombo hupiga kelele kama chipsi kwenye mafuta. Usijaribu kunyata kila hatua, utachelewa na utasikika vilevile. Subiri upepo. Upepo ukipita juu ya miti, tembea, ukikata, simama. Na kila hatua hamsini kikosi kichuchumae dakika nzima, midomo wazi kidogo ili kupumua kusizibe masikio, kisikilize. Septemba ikiisha, miyombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua, utafikiri fulana ya kahawia imeshonwa kwa ajili yake.

Hatua ya nne: kujificha na kujikinga

Kichaka kinakuficha. Kichuguu kinakuficha na kukukinga. Mpira hupita kwenye nyasi, gololi nayo inaweza kupenya majani, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua udongo au shina nene. Miti mingi ya miyombo ni myembamba kuliko mabega yako: simama ubavu, si kifua.

Chungulia kwa pembeni, chini, si kwa juu. Kichwa juu ya kichuguu ni kama nazi juu ya ukuta. Na usichungulie mara mbili mahali pamoja. Wale wanaorusha kwa mkono wa kulia wanajianika kidogo wakitokea upande wa kulia wa kinga, na wanajianika mwili mzima wakitokea kushoto. Mwenye kutumia shoto kwenye kikosi ni mali. Mpange upande ambao wenzake wanataabika.

Hatua ya tano: kuhama kwa zamu

Hili ndilo zoezi mama. Mmoja anahama, mwingine analinda, halafu wanabadilishana. Kulinda si kurusha ovyo. Ni kushika mpira, mkono juu, macho pale adui alipo, na akitoa kichwa tu, unarusha. Mara nyingi mkono ulioinuliwa unatosha kumrudisha chini, na mpira wako bado unao.

Anayehama haondoki bila kusikia "Hama, nakulinda!" Kabla ya kuinuka ameshachagua mahali pa kufikia. Anainuka, anakimbia, anahesabu: moja mwembe, mbili mwembe, tatu mwembe, chini. Sekunde tatu. Adui anahitaji muda wa kukuona, kulenga na kurusha. Ukizidisha sekunde tano unampa muda huo wote. Kama kinga iko mbali kuliko miembe mitatu, si yako, tafuta ya karibu zaidi au lala chini kwenye tuta.

Fanya hivi. Tenga njia ya hatua arobaini yenye vichuguu, visiki au hata viroba vya majani ulivyopanga mwenyewe. Mzunguko wa kwanza jozi inatembea, bila adui, ikisema maneno yote. Wa pili inakimbia. Wa tatu weka adui mmoja mwisho wa njia, mwenye mipira mitatu. Msimamizi anasimama kando na filimbi, mbali na mizinga, na kazi yake ni moja: wawili wakionekana wamesimama kwa wakati mmoja, anapuliza, nao wanarudi mwanzo. Hakuna maelezo wala karipio, ni kurudi tu.

Siku tuliyoanza zoezi hili jozi moja ilirudishwa mara kumi na moja. Kosa lilikuwa dogo: aliyefika alikuwa anasema "Nimefika!" kabla hajachuchumaa, na mwenzake, mwenye haraka, anaruka papo hapo. Kwa nusu sekunde wote wako wima. Tulilirekebisha kwa sharti moja: goti liguse ardhi kwanza, ndipo neno litoke. Mara ya kumi na mbili walipita njia nzima, wakaanguka chini wakihema, magoti yote yamepauka vumbi.

Jozi zikiweza, ziunganishe. Sasa jozi nzima inahama huku jozi nyingine inalinda. Umbali wa kuhama usizidi hatua kumi na tano, kwa sababu mkono wa kawaida haurushi mpira wa soksi kwa uhakika zaidi ya ishirini. Ulinzi usiomfikia adui haupo.

Hatua ya sita: kuzunguka

Adui akishikwa mahali, msimfuate usoni. Jozi moja inabaki inamshughulisha, nyingine inazunguka upande mmoja, mbali, kwa kinga, mpaka imwone ubavuni. Wazee wetu wa hapa waliijua kazi hii. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijulikana kwa rugaruga, wapiganaji wake waliokwenda wepesi na kutokea wasikotazamiwa.

Tatizo la kuzunguka ni kupigwa na wenzako. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, kiongozi anataja mpaka: "Mnaishia kwenye kisiki." Jozi ikifika kisiki inaita "Kisiki!" Jozi iliyobaki inajibu "Acha!" na hairushi tena. Zoezeni makabidhiano haya bila adui mara tano. Kosa la kawaida ni wazungukaji kuvutwa na adui wakasahau kisiki. Na jozi iliyobaki huwa ina uchu wa kumaliza kazi yenyewe, inatumia mipira yote mapema, na wenzao wanafika ubavuni kukiwa hakuna anayemshughulisha adui. Mpira wa mwisho uutunze mpaka usikie "Kisiki!"

Hatua ya saba: kurudi nyuma

Vijana hawapendi kuizoeza. Ni kuhama kwa zamu kinyumenyume: aliye karibu na adui analinda, aliye mbali anarudi, anageuka, anaita, wanabadilishana. Kiongozi anataja tu mahali pa kukutana kabla ya mchezo, "tukitawanyika, mwembe mkubwa". Kikosi kilichopoteza mtu mmoja kinarudi. Hakibaki kubishana.

Mchezo wa bendera

Baada ya Jumamosi tatu za mazoezi, wape mchezo. Kila upande una kitambaa kimefungwa kwenye mti usiozidi kimo cha mtu. Dakika ishirini. Anayeleta bendera ya wenzake kwao ameshinda. Aliyepigwa anakwenda kugusa mti wa kwao, anahesabu mpaka mia moja, anarudi. Hapo ndipo utaona nani amesahau kila kitu. Usiwakatishe. Waache wasahau, andika.

Mkimaliza, kaeni kivulini dakika kumi na tano. Huku kwetu miembe ya njia ya misafara ya zamani bado inatupa kivuli, tunakaa chini yake na mihogo ya kuchemsha. Mdogo kuliko wote aanze kusema, kiongozi amalizie. Waulize waliona nini, walisema nini, na ni wapi maneno yalikatika. Nani aliyempiga nani halituhusu sana. Mkubwa akianza, wadogo watakubaliana naye tu na utakuwa umepoteza nusu ya mafunzo.

Ukipata nafasi ya kuingia uwanja wa easofti

Maneno, jozi na zamu havibadiliki. Umbali ndio unaobadilika, kwa sababu gololi inafika mita arobaini, hamsini, na nafasi kati yenu iongezeke. Macho ndiyo jambo kubwa. Gololi ya gramu 0.2 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde ina nishati ya jouli 1. Haivunji mfupa, lakini jicho inaliharibu kabisa. Uingereza sheria imeweka kikomo cha jouli 1.3 kwa bunduki zinazopiga mfululizo na 2.5 kwa zinazopiga moja moja. Ile miwani ya seremala tunayoitumia kwenye mipira haifai hapo, wala miwani ya jua. Vaa inayoziba pande zote na iliyothibitishwa kuhimili mgongano, na usiivue uwanjani hata ikipata ukungu. Toka nje ya mpaka kwanza.

Kabla ya kuondoka shambani

Hesabuni mipira. Watu wanane, mitatu mitatu, ni ishirini na minne. Ukipungua mmoja, wote wanane wanapanga mstari mmoja, hatua mbili kati ya mtu na mtu, wanalipita shamba taratibu mpaka upatikane. Ng'ombe wa mzee wanaletwa pale jioni kula mabua, na ng'ombe akimeza soksi yenye uzi wa mpira anaweza kuziba tumbo. Fungueni vitambaa vyote, vya bendera na vya mashimo. Kisha mmoja apite kwa mzee kumwambia kwamba tumemaliza na mzinga wake haukuguswa.